Chubwi Zako Zinalala Wapi?



Ukiomba kikundi cha wavuvi wakuonyeshe mali yao, watakuonyesha mtumbwi, nyavu, tanga, na kama Mungu amewajalia, mashine. Daftari la mweka hazina nalo limeandikwa hivyo hivyo. Chubwi hazitajwi. Ni vitu vidogo, ati vya nini kuvihesabu? Lakini kitu hiki kidogo ni kizito kuliko kinavyoonekana, na mara nyingi kina sumu. Ndiyo maana toleo hili tunazungumza juu ya mahali pa kuziweka chubwi ndani ya chombo kidogo, na kwa nini hazifai kuingia nyumbani.

Kwa wasomaji wetu wa bara ambao huvua samaki sokoni tu: chubwi ni ule uzito unaofungwa kwenye mshipi ili ndoana na chambo vishuke chini badala ya kuelea na kuchukuliwa na maji. Ziwa Victoria wengi hutumia mawe kwenye kamba ya chini ya wavu. Huku pwani mvuvi wa mshipi hupenda risasi. Sisemi risasi ya bunduki, nasema madini yenyewe, yale ya kijivu yaliyo laini hata kisu kinayakwaruza. Wengine hutumia plagi kuukuu za gari, nati kubwa, au vipande vya nondo.

Kwa nini risasi? Wazee wetu hawakuichagua bure. Lita moja ya maji ina kilo moja, lakini risasi ya ukubwa huo huo ina kilo 11 na zaidi. Tena kila kitu kikiingia majini hupungua uzito. Jiwe gumu la kilo moja likiwa ndani ya maji huvuta kama gramu 600 tu. Risasi ya kilo moja huvuta kama gramu 910, na chuma kama gramu 870. Hebu tazameni hizo hesabu mbili za mwisho, maana tutazirudia.

Uzito usiofungwa

Katika mtumbwi wa watu wawili au watatu, chubwi hukaa wapi? Nimeziona ndani ya soksi kuukuu, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani ya mfuko wa unga uliooza kwa chumvi, na mara nyingi zimetawanyika tu kwenye ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Mvuvi atakwambia hapo ndipo mahali pake, kwa sababu uzito ukikaa chini chombo kinatulia kama kimetiwa farumi. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Uzito uliokaa chini katikati husaidia chombo kusimama, lakini uwe umefungwa. Chubwi zilizo huru hazisaidii. Mtumbwi ukilala upande kwa wimbi au kwa upepo, zote hubingirika upande ule ule ulioinama, yaani zinakwenda kuongeza uzito pale pale ambapo hautakiwi. Kilo 5 au 6 si kitu katika mashua kubwa, lakini katika mtumbwi mwembamba, na wavuvi wawili wameegemea upande mmoja kuvuta samaki, si mchezo.

Kuna ubaya mwingine wa polepole. Chombo cha mbao kimezibwa kwa kalafati katikati ya mbao na mbao. Chubwi ikigongagonga pale usiku kucha, mwezi baada ya mwezi, hulegeza kalafati na kumomonyoa ubao, na maji yakaanza kupenya. Halafu siku maji yameingia na mtu anakumba kwa haraka, chombo chake cha kukumbia kinachota chubwi, ndoana na vipande vya kamba badala ya maji. Nani ana wakati wa kutafuta ndoana kwa vidole wakati huo?

Mfuko wa suruali ndio mbaya kupita yote. Vijana hupenda kutia chubwi tatu nne mfukoni ili ziwe karibu. Akianguka majini nazo hizo, anaogelea na kilo nzima inayomvuta chini. Hali kadhalika asifunge mfuko wa chubwi kiunoni wala mguuni. Ufungwe kwenye chombo.

Sanduku lenyewe

Hapa sitaki mtu aje kwa mweka hazina kuomba pesa. Chukueni jerikeni la plastiki la lita 5 lililochakaa, lilazeni ubavu, mkate upande wa juu uwe wazi. Toboeni matundu madogo chini ili maji yasituame. Livisheni kipande cha mpira wa ndani wa tairi, upande wa chini na mbavuni, lisiteleze wala lisikwaruze mbao. Liwekeni katikati ya chombo, chini kabisa, kati ya mataruma mawili, mlifunge kwa kamba kwenye taruma. Juu yake vuteni utepe wa mpira ule ule uwe kifuniko. Chombo kikipinduka, chubwi zitabaki ndani. Fundi seremala wenu akiweza kuwatengenezea la mbao, vizuri zaidi, lakini liwe fupi kwenda juu. Msilijaze hata kidogo. Vipande vya risasi vikijaa ndani ya lita 5 vyaweza kupita kilo 30, na plastiki itapasuka siku ya kwanza.

Ndani ya sanduku, zigawanyeni kwa uzito. Hili si jambo la urembo. Mvuvi anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 katika pwani yetu na mkondo huwa mkali. Chubwi nyepesi haifiki chini, mshipi unalala kama kamba ya kuanikia nguo. Siku za maji mafu chubwi hiyo hiyo inatosha, na ile nzito inamfanya usiweze kusikia changu anapodonoa. Kwa hivyo anahitaji aina tatu: nyepesi, za kati, na nzito. Kila aina itiwe katika kifuko chake kilichoshonwa kwa kipande cha wavu mkuukuu wenye macho madogo. Wavu hupitisha maji, na mtu anaona kilichomo bila kumwaga.

Wengi hutaka kutia rangi, nyekundu kwa nzito, nyeupe kwa nyepesi. Mchana ni sawa, lakini usiku rangi zote ni moja. Afadhali mafundo kwenye mdomo wa kifuko: fundo moja nyepesi, mawili za kati, matatu nzito. Mkono unasoma gizani bila tochi, na hakuna haja ya kusimama.

Ndoana zisichanganywe humo. Zichomwe kwenye kipande cha malapa kuukuu, kifungwe mahali pengine. Mtu anayeingiza mkono kutafuta chubwi akatoka na ndoana kwenye kidole, safari ya siku hiyo imekwisha.

Na hesabu ifanywe, mnapotoka na mnaporudi. Zimetoka 14, zimerudi 11. Katibu aandike. Vikundi vingapi vimegombana juu ya nani alipoteza vyombo? Hesabu ya kila siku huondoa maneno, tena huonyesha mwamba gani unakula mishipi yenu kuliko unavyowapa samaki.

Kwa nini zisilale nyumbani

Sasa nije kwa jambo lililonifanya niandike, na hapa naomba kina mama wasikilize pamoja na wavuvi wenyewe. Jioni chubwi hushuka pwani ndani ya kikapu kile kile cha samaki. Zinafika nyumbani, zinawekwa chini ya kitanda au dirishani karibu na kikombe cha mswaki. Mtoto anazichukua kuchezea, maana zinapendeza mkononi, nzito na laini. Baada ya hapo mkono unakwenda mdomoni.

Risasi mwilini haina kazi yoyote njema. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akiimeza, mwili wake hunyonya mara 4 au 5 kuliko wa mtu mzima. Huingia katika damu, ubongo, na kukaa miaka mingi katika mifupa na meno. Mama mjamzito aliye nayo humpitishia mtoto tumboni. Mtoto aliyeathirika anaweza kuumwa tumbo, kukosa choo, kupungukiwa damu, au kuwa mzito wa kushika masomo darasani. Wengi hawaonyeshi dalili yoyote ya kuonekana, na huo ndio ubaya wake. Mwalimu anasema ni mvivu, kumbe sivyo. Ni kipimo cha damu tu kinachoweza kuthibitisha.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi kando ya kijiji cha Owino Uhuru, hapa Mombasa, na risasi ikaingia katika hewa, udongo na damu ya watu. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake mwenyewe ana risasi mwilini. Alipigania kijiji mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya kimataifa ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Kesi ilikatiwa rufaa, na ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliwapa wanakijiji haki.

Chubwi chache hazifanani na kiwanda, nakubali. Risasi ngumu iliyo kwenye mshipi haitoi sumu kama moshi wa kiwanda. Lakini mtu anayepasua betri nyuma ya nyumba ili ayeyushe chubwi zake anafanya kazi ile ile ya kiwanda, kwa sufuria. Unga wa betri na moshi wake hukaa uwanjani ambapo watoto wanatambaa na kuku wanadonoa. Kikundi kipige marufuku jambo hilo kabisa, liandikwe katika sheria zenu. Pia mjue kwamba risasi iliyoyeyuka ikikutana na tone la maji katika kalibu huruka ikachoma uso na macho.

Huko Uingereza, tangu mwaka 1987, ni marufuku kuuza chubwi nyingi za risasi zisizozidi gramu 28 hivi, kwa sababu bata wakubwa wa majini walizimeza wakidhani ni changarawe wakafa. Wenzetu wamewalinda bata. Sisi tuna watoto.

Kwa hivyo sanduku lile libaki ndani ya chombo, au mkiogopa wezi, lifungiwe katika banda la kikundi pwani. Lisikae pamoja na mtungi wa maji ya kunywa wala chakula cha safarini. Tabia ya kubana risasi ndogo kwa meno iachwe, koleo ipo. Kabla ya kula, hata kama ni muhogo tu wa asubuhi, mvuvi anawe mikono kwa sabuni. Nguo za kuvulia zifuliwe peke yake. Na watoto wale vizuri, hasa dagaa na mboga za majani na maziwa yakipatikana, maana mtoto aliyeshiba chakula chenye madini ya chuma na kalisi hunyonya risasi kidogo kuliko mwenye njaa.

Tena kumbukeni hesabu zetu za mwanzo. Gramu 910 na gramu 870. Chuma hakipungukiwi sana na risasi majini. Vipande vya nondo kutoka kwa fundi wa kuchomelea, vimetobolewa tundu na kupigwa laini visikate mshipi, vinashuka vizuri. Vitashika kutu, ndiyo, vitachafua sanduku na baada ya muda mtabadilisha. Vilevile ni vikubwa kidogo, kwa hivyo mkondo huvisukuma zaidi, na siku za bamvua itabidi muongeze uzito. Wazee watanung'unika. Anzeni na zile nzito, ambazo ndizo zinazomaliza risasi nyingi, mjaribu bamvua mbili tatu kabla ya kuamua.

Mkikutana, mjadiliane haya: Tuna chubwi ngapi leo, na ziko wapi saa hii tunapozungumza? Ni nani kati yetu ameona mtu akiyeyusha betri karibu na nyumba, na tutamwendea namna gani bila ugomvi? Nani ana jerikeni kuukuu?