Rangi yabambuka kwenye mabati mapya: maji kidogo yanaweza kuonyesha sababu

Katika miji kama Goma na Bukavu, rangi ya bati ikianza kubambuka, lawama huenda haraka kwa muuza rangi. Lakini kosa linaweza kuwa chini ya rangi, kwenye uso wa chuma uliokataa kulowana.

Mabati mapya, ama manjanja, ni chuma kilichopakwa zinki ili kisishikwe na kutu. Mengi hutoka kiwandani yakiwa na mafuta mepesi au dawa ya kulinda zinki safarini. Maji yakimwagwa juu yake hujikusanya matone badala ya kutandaa. Rangi nayo isipotandaa vizuri, haishiki.

Ndiyo maana mafundi wanakwaruza bati kwa msasa. Ni kazi nzuri, ila ina sharti lake. Mwaka 1936, mtafiti Robert Wenzel alionyesha kwamba mikwaruzo haigeuzi tabia ya uso, bali inaizidisha: uso unaopenda maji utayapenda zaidi, na unaoyakataa utayakataa zaidi.

Kipimo ni pembe kati ya ukingo wa tone na uso. Ikiwa chini ya digrii 90, maji yanaelekea kutandaa. Ikizidi hapo, yanajikunja. Kwa hesabu ya Wenzel, mikwaruzo ikiongeza eneo la uso mara 1.5, pembe ya digrii 60 inashuka hadi karibu 41, lakini ile ya 110 inapanda hadi 121. Mwaka 1944, Cassie na Baxter walieleza hali nyingine, ambamo tone linakalia ncha za mikwaruzo tu na hewa inabaki chini yake.

Hapo ndipo pesa ya mwenye nyumba inapotea. Fundi akikwaruza bati lenye mafuta kabla ya kuliosha, msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo, na kuyatoa humo ni taabu. Bati lioshwe kwanza kwa sabuni na brashi, lisuuzwe, ndipo likwaruzwe. Tena kidogo tu, kwa sababu zinki yenyewe ni nyembamba kuliko unywele. Ikiisha, kutu inaingia.

Kisha fundi amwage maji safi juu ya bati. Yakibaki utando mmoja usiokatika, bati liko tayari kukaushwa na kupakwa rangi ya kwanza inayofaa zinki. Yakikatika na kuwa matone, lioshwe tena.