Setilaiti huona paa la nyumba, bahari hufuata ardhi

Huenda wewe ni miongoni mwa wale wanaoishi Muscat, London au Minneapolis huku wakijenga nyumba kidogo kidogo katika mji wa pwani walikozaliwa. Kiwanja umekiona kwenye kompyuta, katika picha iliyopigwa na setilaiti, na ramani ikakueleza kwamba kiko mita 4 juu ya usawa wa bahari. Moyo ukatulia. Lakini je, takwimu hiyo ilitoka wapi?

Yamkini asili yake ni safari moja tu. Mnamo mwezi Februari mwaka 2000, chombo cha anga za juu cha Marekani, Endeavour, kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na antena za rada, moja ikiwa katika ncha ya mlingoti wenye urefu wa mita 60. Mawimbi ya rada yalitumwa ardhini, mwangwi wake ukapokewa katika sehemu mbili, na kutokana na tofauti ndogo baina ya sehemu hizo wataalamu wakakokotoa mwinuko wa asilimia 80 hivi ya nchi kavu. Ramani hiyo ilitolewa bure. Kwa nchi nyingi zisizomudu gharama ya kupima pwani zao kwa ndege, ndiyo iliyokuwa tegemeo.

Dosari yake ni kwamba aghalabu rada haikuifikia ardhi. Ilirudishwa na mapaa ya nyumba, na vilele vya mikoko na minazi. Kwa hiyo mji uliosongamana ulionekana kuwa juu kuliko ulivyo, pengine kwa mita 2, 3 au zaidi. Sasa linganisha na makadirio ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Umoja wa Mataifa kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi: ifikapo mwaka 2100 bahari itakuwa imepanda kwa kati ya sentimita 28 na mita 1 hivi, kutegemea kiasi cha gesi chafu kitakachotolewa. Kosa la ramani ni kubwa kuliko kinachopimwa. Ni kama kupima dhahabu kwa mizani ya magunia ya karafuu.

Mwaka 2019 watafiti Scott Kulp na Benjamin Strauss, wa taasisi ya Climate Central nchini Marekani, walichapisha ramani iliyosahihishwa. Waliifundisha kompyuta kutambua kosa hilo kwa kutumia vipimo vya miale ya leza vilivyochukuliwa kutoka kwenye ndege. Kwa ramani ya zamani, watu wapatao milioni 28 duniani walikuwa wakiishi chini ya kiwango cha maji kujaa. Kwa ramani mpya, idadi ikawa milioni 110. Bahari haikuwa imepanda usiku ule. Wengi wao walikuwa tayari wakiishi nyuma ya kuta na matuta. Kilichobadilika ni hesabu.

Mwinuko peke yake, hata hivyo, hautoshi, kwani ardhi nayo husogea. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-1, ya kwanza ikiwa imerushwa mwaka 2014, hupita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku 12. Kwa kulinganisha mawimbi ya safari moja na ya nyingine, huweza kutambua ardhi iliyodidimia kwa milimita chache. Wastani wa bahari duniani hupanda kwa takriban milimita 4 kwa mwaka. Jakarta, nchini Indonesia, kuna mitaa ya kaskazini iliyowahi kudidimia kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, sababu kubwa ikiwa maji yanayovutwa kutoka visima virefu. Mji wa namna hiyo ukijenga ukuta bila kufunga visima, ukuta wenyewe utazama. Tokyo ilizuia uvutaji huo katika karne iliyopita, na kuzama kwake kukapungua mno.

Dar es Salaam ina somo la aina nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande. Kuanzia mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaani wakichora nyumba na mitaro, wakisaidiwa na picha za ndege zisizo na rubani. Setilaiti haiwezi kujua kama mtaro umeziba kwa takataka. Mama anayeuza vitumbua kando yake anajua, tena atakuonyesha alama ukutani maji yalipofika.

Kwa hiyo, msikilizaji mwenye kiwanja, kabla ya kutuma fedha za msingi, mwombe ndugu yako aende na mpima ardhi, kisha abishe hodi kwa jirani aliyekaa hapo masika nyingi.