Mbona Mwizi wa Data Hulala Usingizi Fiti? Cheki Hii Nadharia ya 1957

Msee akikunyang'anya simu tao, anajua ameiba. Ukipiga nduru anatoa mbio. Lakini yule amebeba imeili yako, paswadi na namba ya kitambulisho akiwa kwa keja yake anakunywa chai, huyo hajioni mwizi. Muulize uone, atakupea stori.

Hiyo stori ndio wasomi wawili wa Marekani, Gresham Sykes na David Matza, waliifuatilia. Mwaka wa 1957, kabla intaneti izaliwe, waliandika kuhusu vijana wahalifu na wakasema wengi wao hawajaikataa sheria. Wanajua kuiba ni mbaya. So kabla waingie kazi, wanajipea kisingizio cha kuzima dhamiri kwa muda. Visingizio walihesabu vitano. Mimi campo niliachia njiani, lakini hii niliishika mbio, juu mtaani tunaisikia kila siku.

"Sina job, ningefanya nini?" "Benki iko na bima, hakuna mwenye ameumia." "Wakubwa wenyewe wanaiba, mnanisumbua mimi?" "Nilifanya juu ya mbogi yangu." Hizo ni nne.

Ya tano ndio noma: "Huyo alijitakia."

Cheki kesi ya Ashley Madison, site ya watu wako kwa ndoa na wanatafuta mpango wa kando. Julai 2015, wadukuzi waliojiita Impact Team walisema wameingia na kubeba data yake. Na manze walikuwa na pointi: kampuni ilikuwa inalipisha dola 19 kukufutia akaunti kabisa, na wao wakasema data ya hao waliolipa bado iko. Sasa ungedhani wanatetea wateja. Wapi! Waliitisha site ifungwe, ilipokataa wakamwaga akaunti zaidi ya milioni 30 hadharani, mwezi wa Agosti. Kwao hao wateja walikuwa wadanganyifu tu, hawastahili kufichiwa siri. Mwizi akageuka hakimu.

Lakini hiyo site haikuwa inathibitisha imeili. Adui yako, ama ex mwenye hasira, angeweza kukusajili na imeili yako na usijue. Data ilipomwagwa, nani angekuamini ukisema si wewe? Matapeli nao wakaanza kutumia watu meseji: lipa ama tumwambie bibi yako. Kuna pastor mmoja huko Marekani alijitoa uhai siku chache baada ya data kutoka, na jina lake lilikuwa ndani. Hata kama mtu alikuwa anacheza mechi za ugenini kweli, hiyo ni bei gani ya kulipa?

Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya 2018 haiulizi kama mwenye ameibiwa data alikuwa mtu mpoa. Kuingia kwa sistimu ya mtu bila ruhusa ni kosa, basi.

Sisi ndio huuliza. Picha za dem zikivuja, kabla mtu aulize nani alizitoa kwa simu yake, komenti zimejaa: "Kwani alijipiga za nini?" Hapo tunampea mwizi kisingizio namba tano, tena bure. Na yeye pia ako kwa hiyo grupu, anasoma.