Machakos: Mji uliopitwa na reli ukakataa kufa

JINA la Machakos hutajwa kila siku jijini Nairobi na maelfu ya watu ambao hawajawahi kuukanyaga mji wenyewe. Wao hulijua kama jina la kituo kikuu cha mabasi, ambako abiria wanaoelekea magharibi mwa Kenya hukata tikiti zao.

Mji halisi uko umbali wa kilomita zipatazo 64 kusini-mashariki mwa Nairobi. Msafiri huiacha barabara kuu ya Mombasa katika makutano ya Kyumvi, akapinda kushoto hadi kwenye bonde lililozungukwa na milima, ikiwemo Iveti, Mua na Kiima Kimwe.

Ni mji wa wastani, wenye pilkapilka za matatu, bodaboda na wachuuzi wa maembe na mbaazi. Hata hivyo, kulikuwa na wakati ambapo Machakos ulikuwa mji wenye hadhi ilhali Nairobi ilikuwa kinamasi cha kunyweshea mifugo.

Wenyeji huuita mji huo Masaku. Hilo lilikuwa jina la kiongozi na mwaguzi wa Wakamba aliyeishi katika eneo hilo karne ya 19. Wazungu walipolitamka na kuliandika kwa namna yao, likageuka kuwa Machakos. Marehemu Paul Ngei, mmoja wa wanasiasa sita waliohukumiwa Kapenguria mwaka wa 1953 pamoja na Jomo Kenyatta, hutajwa kuwa mjukuu wa Masaku.

Kabla ya ukoloni Wakamba walisifika kwa biashara ya misafara. Walipeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo, shanga na bidhaa nyingine za pwani. Baadaye, misafara ya Waswahili na Waarabu ilipoanza kuingia bara, nchi ya Masaku ikawa mahali pa kununulia chakula kabla ya kuendelea na safari ndefu ya kuelekea Uganda.

Waingereza walifuata nyayo hizo hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga ngome yake hapo. Mnamo 1892 John Ainsworth alikabidhiwa usimamizi wa kituo hicho, na baada ya Uingereza kuitwaa rasmi nchi mwaka wa 1895, Machakos ukawa makao makuu ya Mkoa wa Ukamba.

Wengi husema kwamba Machakos ulikuwa mji mkuu wa kwanza wa Kenya. Kauli hiyo inahitaji ufafanuzi. Makao makuu ya serikali ya kikoloni yalikuwa Mombasa hadi mwaka wa 1905. Machakos ulikuwa kituo kikuu cha kwanza cha utawala wa Waingereza katika sehemu za bara, na hiyo yenyewe si heshima ndogo.

Heshima hiyo iliondolewa na reli. Ujenzi wa njia ya garimoshi kutoka Mombasa ulianza mwaka wa 1896. Wahandisi waliikwepa milima ya Ukambani, wakaipitisha reli katika nyanda tambarare za Konza na Athi River. Mnamo Mei 1899 reli ilifika Nairobi, na mwaka huo huo Ainsworth akahamishia huko makao makuu ya mkoa.

Wakamba husimulia kwamba mwaguzi wao mwingine, Syokimau, alikuwa ametabiri kuja kwa nyoka mrefu atemaye moto. Nyoka huyo alipowasili hakupitia mjini Machakos. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka wa 2017 nayo ilifuata nyanda hizo hizo na kuuacha mji kando kwa mara ya pili.

Pigo lililofuata liliikumba ardhi. Serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi sehemu kadhaa, zikiwemo Milima ya Mua, na kuwafungia Wakamba ndani ya hifadhi iliyozidi kubanwa kadiri watu na mifugo walivyoongezeka. Ukame uliandama miaka ya 1930, nyasi zikatoweka, na kila mvua iliponyesha ilikokota udongo hadi mitoni. Maafisa wa kilimo waliandika kwamba nchi hiyo ilikuwa ikigeuka jangwa la mawe.

Dawa iliyotolewa na wakoloni ilikuwa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mnamo 1938 mifugo ilitwaliwa na kunadiwa kwa bei duni, mnunuzi mmojawapo akiwa kiwanda cha nyama kilichokuwa kimejengwa Athi River. Maelfu ya Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliandamana hadi Nairobi na kupiga kambi huko kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuuacha mpango huo. Leo mojawapo ya barabara za katikati mwa Nairobi ina jina lake.

Ardhi, hata hivyo, ilikuwa bado inaumwa, na hapa ndipo penye funzo kubwa la Machakos. Kuanzia miaka ya 1940, kwanza kwa kushurutishwa na baadaye kwa hiari, wakulima walianza kuchimba matuta yanayokingama na mteremko. Namna iliyopendwa zaidi iliitwa "fanya juu". Mkulima huchimba mfereji, kisha huutupa udongo upande wa juu ili uwe ukingo. Nyasi hupandwa juu ya ukingo huo kuushikilia. Maji ya mvua husimama badala ya kukimbia, udongo hutuama, na baada ya miaka michache mteremko hugeuka ngazi pana za mashamba.

Kazi hiyo nzito ilifanywa na vikundi vya ujima vinavyoitwa mwethya, ambavyo wanachama wake wengi walikuwa wanawake. Walihama kutoka shamba hadi shamba wakiwa na majembe na nyimbo zao. Katika kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji, wataalamu nao walizalisha aina ya mahindi inayokomaa haraka kabla mvua haijakatika. Hatimaye jina "fanya juu" liliingia katika vitabu vya kilimo vya mataifa ya ng'ambo jinsi lilivyo, bila kutafsiriwa.

Mnamo 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kuhusu mabadiliko hayo. Walionyesha kwamba kati ya mwaka wa 1930 na 1990 idadi ya watu katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, ilipanda kutoka takriban 240,000 hadi kama milioni 1.4. Licha ya hayo, mmomonyoko wa udongo ulipungua, miti ikaongezeka, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda badala ya kushuka.

Baadhi ya wataalamu waliofuata walitahadharisha dhidi ya kuipamba mno hadithi hiyo. Walieleza kwamba fedha nyingi za kuimarisha mashamba zilitokana na mishahara ya wanaume waliofanya kazi Nairobi na miji mingine, na kwamba familia zisizokuwa na mtu wa kuzitumia pesa zilibaki nyuma. Hoja hiyo ina uzito. Jiji lililounyang'anya mji hadhi yake ndilo lililosaidia kulipia majembe.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka wa 2013, mji umejitahidi kujitangaza upya. Mwaka huo uwanja wake wa Kenyatta uliandaa baadhi ya mechi za Kombe la Cecafa, na mnamo 2014 bustani ya burudani ya People's Park ikafunguliwa. Chuo Kikuu cha Machakos kilipewa hati yake mwaka wa 2016. Wageni hupenda pia kufika mlima wa Kituluni kujionea maji yanayoonekana kupanda badala ya kuteremka. Kwa hakika macho ndiyo yanayodanganywa na mwinamo wa ardhi iliyo kandokando ya barabara.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika kaunti nzima, na swali kuu kwao ni maji. Mvua huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mito mingi hukauka baada ya hapo. Wakazi hujenga kuta za saruji zinazokata mito hiyo. Mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha katikati ya chembe zake, mbali na jua kali. Miezi kadhaa baada ya mvua kukoma, watu bado huchota maji kwa kufukua mchanga.

Lakini mchanga huo huo ndio unaotafutwa na wajenzi wa majumba ya Nairobi. Kila lori linalojazwa mtoni huondoka na kisima cha watu fulani. Vilevile mashamba yanazidi kukatwa vipande vya kujengea nyumba, na vijana wanaokwenda kutafuta kazi jijini huacha matuta ya babu zao yakibomoka pasipo mtu wa kuyakarabati.

Machakos ulistahimili kunyimwa reli na kupoteza makao makuu kwa sababu watu wake walibaki na udongo wao na wakajua kuutunza. Mji unaweza kuishi bila stesheni, lakini hauwezi kuishi bila maji na bila mashamba ya kuulisha. Matuta hayo yalichimbwa kwa zaidi ya nusu karne, na mvua chache kubwa zinatosha kuyasomba yakiachwa. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukosea.