Kuishi kwa wiki tatu tatu

Agosti 20, 2015, Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, aliketi mbele ya waandishi wa habari mjini Atlanta, amevaa koti, tai nyekundu na suruali ya jinsi, akaueleza ugonjwa wake bila kupandisha sauti. Melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, ilikuwa imeshafika kwenye ini, na mapema mwezi huo alikuwa amefanyiwa upasuaji. Sasa picha za kichwa zilionyesha madoa manne madogo kwenye ubongo. Alikuwa na miaka 90. Baba yake na wadogo zake wote watatu walikufa kwa saratani ya kongosho. Mwenyewe alisema alipoambiwa habari ya ubongo alidhani amebakiwa na wiki chache tu.

Wala hakuwa anajiogofya. Melanoma iliyofika kwenye ubongo ilikuwa na sifa moja tu, kuua, na wapenzi wa reggae wanaijua. Mwaka 1977 Bob Marley aligunduliwa ana melanoma kwenye kidole gumba cha mguu, akakataa kidole kikatwe. Mei 1981 alifariki Miami, umri miaka 36, ugonjwa umeshasambaa hadi kwenye ubongo.

Kilichobadilika katikati ya watu hawa wawili ni dawa iitwayo pembrolizumab, iliyoruhusiwa Marekani Septemba 2014, karibu mwaka mmoja tu kabla Carter hajaihitaji. Kemo humimina sumu juu ya seli za saratani. Dawa hii haizigusi. Askari wa kinga ya mwili, chembe nyeupe ziitwazo seli T, wana breki za kuwazuia wasiushambulie mwili wenyewe, na saratani nyingi zimejifunza kuzikanyaga breki hizo ili zipite bila kuguswa. Pembrolizumab huiondoa saratani mguu kwenye breki. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, waliozifumbua breki hizo kila mmoja kwa njia yake, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Siku ya dripu yenyewe haina mengi. Asubuhi hutolewa damu: ini linaendaje, figo je, tezi ya thairoidi je. Majibu yakiwa mazuri, muuguzi hutundika mfuko mdogo, nusu saa umekwisha, mgonjwa anarudi nyumbani. Baada ya wiki tatu, tena. Nywele mara nyingi zinabaki kichwani, na kutapika kule kunakoogopwa kwa kawaida hakupo. Hapo ndipo panapoanza upweke wa aina yake, maana majirani waliozoea sura ya mgonjwa wa kemo humtazama huyu wakaona hana kitu. Anaitwa kwenye vikao vya harusi, anatumwa sokoni, ilhali uchovu umemshika kiasi kwamba ngazi chache zinamtosha siku nzima.

Hatari iko kwingine. Kinga iliyofunguliwa breki inaweza kuugeukia mwili wa mwenyewe: ngozi ikawasha, mapafu yakavimba, thairoidi ikalala, utumbo ukachubuka mtu akaharisha mara nyingi kwa siku. Na yote haya yanaweza kuja miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Mgonjwa wa namna hii akiingia zahanati ya mtaani na kuhara kwake, kuna uwezekano mkubwa ataandikiwa Flagyl na kuambiwa anywe maji mengi. Anachohitaji, daktari wake wa saratani akishathibitisha, mara nyingi ni steroidi kama prednisolone za kuituliza kinga, na kuchelewa kunaweza kumtoboa utumbo. Ndiyo maana hospitali nyingi za ng'ambo humpa mgonjwa kadi ya kuweka kwenye pochi, yenye jina la dawa na simu ya kliniki. Asiyepewa aiandike mwenyewe, hata kwenye karatasi ya daftari.

Halafu kuna picha. Kila baada ya miezi michache mgonjwa hulala ndani ya mashine, kisha husubiri majibu, na siku hizo nyumba nzima huongea kwa upole usio wa kawaida. Wakati mwingine uvimbe huonekana umekua kwa sababu tu seli za kinga zimejazana ndani yake, kwa hiyo hata majibu mabaya huenda yakahitaji kusubiriwa. Sijui mtihani wa subira unaouzidi huu.

Carter aliyaishi hayo akiwa na ratiba. Aliendelea kufundisha shule ya Jumapili kanisani kwake mjini Plains, na Novemba mwaka huohuo alikuwa Memphis akipigilia misumari kwenye nyumba za shirika la Habitat for Humanity. Desemba 6 alitangaza kwamba picha za ubongo hazionyeshi saratani. Machi 2016 dawa ilisimamishwa, uchunguzi ukaendelea. Wiki mbili tu baada ya tangazo lile la Desemba alifiwa na mjukuu. Miaka ikapita, akaanguka akavunjika nyonga, akampoteza mkewe Rosalynn. Alifariki Desemba 29, 2024, mwenye miaka 100.

Baada ya tangazo lile la Desemba familia nyingi zilianza kuomba "dawa ya Carter", na hapa lazima tuongee bila kuupamba ukweli. Carter alipigwa mionzi pia. Katika utafiti mkubwa wa melanoma iliyosambaa, asilimia 43 ya waliopewa dawa mbili za jamii hii kwa pamoja walikuwa hai baada ya miaka 10, jambo ambalo madaktari wa zama za Marley wasingeliamini. Lakini zaidi ya nusu walikuwa wameshafariki. Melanoma ya nyayo na chini ya kucha, ile ya Marley, ambayo ndiyo aina inayoonekana zaidi kwa watu weusi, huitikia dawa hizi kwa kiwango kidogo.

Na bei. Marekani dozi moja ya wiki tatu imetangazwa kwa zaidi ya dola 11,000. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliipanua nafasi ya pembrolizumab kwenye orodha ya dawa muhimu, likaongeza saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa, ugonjwa unaoua wanawake wengi Afrika Mashariki. Orodha hailipi bili. Kwetu bado ni kundi la WhatsApp, mweka hazina, na majina ya waliochanga. Kabla kundi halijafunguliwa, kipande cha uvimbe kipelekwe maabara kupimwa kama kina alama zinazoonyesha dawa itaelekea kufanya kazi, PD-L1 kwa mfano, kwa saratani zinazohitaji kipimo hicho. Na daktari wa tiba shufaa aitwe mapema, dripu ikiwa inaendelea, kwa sababu maumivu hayasubiri majibu ya picha.