Mcheza Ugenini: Niliyoyaona kwa Vijana wa Kufokafoka Juja

Wahenga walinena, mcheza kwao hutunzwa. Je, na mcheza ugenini? Swali hilo lilinijia jioni moja huko Juja, nilipokuwa nimesimama nyuma ya ukumbi nikimtazama mpwa wangu akifedheheka mbele ya kadamnasi.

Kijana huyu ni mzaliwa wa Mombasa. Alikwenda Juja kusoma katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, na huko akaingiwa na muziki wa kufokafoka. Hana kampuni wala msimamizi; hujitungia, hujirekodia na hujitafutia maonyesho mwenyewe. Dada yangu alipopata habari alinituma: "Nenda kamtoe mwanangu katika upuuzi huo." Basi nikapanda gari moshi hadi Nairobi, kisha matatu ya barabara ya Thika, nayo ikawa inavuma muziki ule ule niliotumwa kuupiga vita!

Zamu yake ilipofika, fleshi aliyoweka biti zake ilikataa kusoma. Mpiga santuri akaiweka nyimbo nzima aliyoipata kwenye simu, sauti na yote, na mpwa wangu akawa anafoka juu ya sauti yake mwenyewe. Kinywa kikaenda huku, sauti kule. Kwa wasiwasi akakifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, spika zikapiga mluzi wa kutoboa masikio. Wimbo wa tatu pumzi ilikwisha. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Alipodai ujira wake, mwenye shughuli akamwambia aje kesho. Kesho hiyo haijafika hadi leo.

Usiku ule, baada ya sala ya isha, sikuwa na moyo wa kumkaripia. Mimi mwenyewe katika ujana wangu nilipiga dumbaki katika arusi za Mombasa, nami najua uchungu wa kuachiwa ukumbi mtupu. Nikamwambia niliyoyajua, naye akaandika. Nayaeleza hapa kwa faida ya vijana wengine.

Kwanza, fika mapema, kabla ya watu. Jaribu vyombo, zungumza na mpiga santuri, na uwe na fleshi mbili zenye biti tupu zisizo na sauti yako. Maiki ishike shinaye, usifunike kichwa chake, wala usisimame nayo mbele ya spika. Huo mluzi ni sauti inayotoka spikani na kurudi ndani ya maiki.

Pili, pumzi. Mwimbaji wa taarabu hupumua mwisho wa kipande, kwa kuwa mtunzi alimwachia nafasi. Nawe ufanye vivyo hivyo unapotunga, pasi na kujaza maneno kila pembe. Jizoeze ukiwa umesimama na ukitembea, si ukiwa umelala kitandani.

Tatu, usikae sana jukwaani. Nyimbo tatu au nne zilizoiva zatosha. Anza na yenye nguvu, umalize na iliyo bora, na katikati utaje jina lako, maana kwa mgeni hakuna akujuaye. Wakiwapo watu kumi, waimbie kumi hao kama elfu.

Nne, malipo. Patana mapema, muandikiane, na uchukue arubuni kabla ya kupanda jukwaani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tungo zako nazo zisajilishe kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Tano, na hili ndilo kubwa, usione haya kwa lugha yako. Nilimsikia akijilazimisha kusema kama kijana wa Nairobi. Kwani hakumbuki kwamba Ukoo Flani walichipuka Mombasa kabla ya kuungana na wenzao wa Dandora? Na karne mbili zilizopita, Muyaka bin Haji hakuwarushia mahasimu wa Mombasa mashairi yenye makali kuliko panga? Kujibizana kwa vina ni urithi wetu. Tena Muyaka alichoma kwa mafumbo. Matusi ni silaha ya aliyeishiwa na maneno.

Niliporudi Mombasa, dada yangu alinipokea mlangoni. "Umemtoa?"

Nikamweleza kwamba sikumtoa. Mwanawe mtungo anao, ila hakufundwa kusimama mbele za watu. Na masomo tumewekeana sharti, akianguka mtihani mmoja, maiki aiweke chini.

Akanitazama kwa muda. "Anatukana?"

"La," nikamjibu.

Akanyamaza, akapanga kanga yake begani. "Basi akija likizo," akasema, "aniimbie mimi kwanza."