Upana wa Kihesabio cha Kidijitali na Ukomo Wake: Mfano wa Mita za LUKU katika Maeneo ya Mchafukoge na Kariakoo

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua namna saketi za kidijitali za kuhesabu zinavyofanya kazi na, hasa, kinachotokea pale zinapofika mwisho wa uwezo wake. Mfano uliochaguliwa ni mita ya umeme wa kulipia kabla, inayojulikana Tanzania nzima kwa jina la LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Katika majengo ya ghorofa ya Mchafukoge, na vivyo hivyo ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja huko Kariakoo, ambako maduka hukaa chini na wapangaji juu, jengo moja huweza kuwa na mita nyingi, kila moja ikiwa na hesabu yake. Mwaka 2024 wateja wa TANESCO walianza kupokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya kundi moja, wakatakiwa kuyaingiza kwa mfuatano. Chanzo cha zoezi hilo hakikuwa ubovu wa mita. Kilikuwa hesabu ya biti 24 iliyokaribia kujaa.

2.0 Kutoka mpigo hadi namba

Mita ya kielektroniki huwa na taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima. Kila kuwaka ni mpigo mmoja, na idadi ya mapigo kwa kila uniti huandikwa kwenye uso wa mita. Ikiwa mita imeandikwa mapigo 1,000 kwa uniti, friza la duka linalotumia wati 200 litaiwasha taa mara 200 kwa saa, yaani mara moja kila sekunde 18. Kazi ya kihesabio ni kuyakusanya mapigo hayo hadi yatimie uniti.

Kiungo cha msingi cha kihesabio ni flipu-flopu, saketi yenye hali mbili tu: sifuri au moja. Flipu-flopu iliyounganishwa kwa namna ya kugeuza hali hubadilika kila inapopata mpigo, hivyo mapigo mawili yanayoingia hutoa mpigo mmoja. Tokeo la ya kwanza likipelekwa kwenye ingizo la ya pili, na la pili kwenye la tatu, mnyororo huo huhesabu kwa mfumo wa namba wa msingi wa mbili. Flipu-flopu 10 zina hali 1,024. Kwa hiyo zinatosha kuhesabu mapigo 1,000, mradi iwepo saketi ya kuzirudisha sifuri kila 1,000 inapotimia.

Mnyororo wa namna hii una dosari inayofahamika. Kila flipu-flopu husubiri iliyotangulia, kwa hiyo badiliko halitokei kwa pamoja. Kutoka 0111 kwenda 1000, matokeo hupitia kwa muda mfupi sana 0110, 0100 na 0000 kabla ya kutulia. Saketi nyingine ikisoma katika muda huo, itasoma namba ambayo haikuwahi kuwa hesabu sahihi. Kihesabio cha wakati mmoja huondoa tatizo hilo kwa kuzipa flipu-flopu zote mpigo uleule wa saa, ingawa huhitaji milango ya mantiki ya ziada. Kwa taa inayowaka kila sekunde 18, tofauti hiyo haina uzito wowote. Katika mita za sasa, kazi yenyewe hufanywa ndani ya chipu moja yenye programu, na mwanafunzi hukutana na mnyororo wa flipu-flopu zaidi maabara kuliko ukutani.

Lisilobadilika, iwe ni flipu-flopu au programu, ni upana. Kihesabio cha biti n kina hali 2 kwa kipeo cha n, na baada ya hali ya mwisho hurudi sifuri. Chipu mbili za CD4040, kila moja ikiwa na hatua 12, zikiunganishwa hutoa kihesabio cha biti 24 chenye hali 16,777,216. Namba hii ndiyo kiini cha tukio la mwaka 2024.

3.0 Hesabu ya dakika ndani ya tokeni

Mfumo wa STS, ulioanzia Afrika Kusini na sasa ukiwa sehemu ya viwango vya kimataifa vya IEC 62055, huipa kila tokeni utambulisho wa biti 24. Utambulisho huo ni idadi ya dakika zilizopita tangu 1 Januari 1993 hadi tokeni ilipotengenezwa. Mita huhifadhi utambulisho wa tokeni zilizokwisha kutumika. Tokeni iliyomo kumbukumbuni hukataliwa kwa kuwa imetumika. Yenye namba ndogo kuliko zote zilizohifadhiwa hukataliwa kwa kuwa imepitwa na wakati. Hivyo mteja hawezi kuingiza tokeni ileile mara mbili, na mita haihitaji mawasiliano yoyote na ofisi. Ni ubunifu wa kusifiwa, lakini umejengwa juu ya sharti moja: hesabu iende mbele daima.

Dakika 16,777,216 ni siku 11,650 na dakika 1,216. Zikihesabiwa kutoka mwanzo wa 1993, zinaishia usiku wa 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu ingeanza upya, na tokeni mpya yenye namba ndogo ingeonekana kwa mita kuwa ya zamani kuliko zote. Mwenye duka angeendelea kutumia uniti zilizobaki, kisha asingeweza kuongeza nyingine, hata kama amelipa.

Swali la mtafiti ni kwa nini hesabu hiyo haikupewa biti zaidi. Jibu halimo katika bei ya flipu-flopu. Limo katika kidole cha mteja. Tokeni nzima ina biti 66: biti 24 za dakika, 16 za kiasi cha umeme, 16 za kuhakiki makosa, na 10 zilizobaki kwa aina ya tokeni na namba nasibu. Namba kubwa kuliko zote ya biti 66 ina tarakimu 20 kamili. Biti ya 67 ingeilazimisha tokeni kuwa na tarakimu 21. Waliochagua kipimo cha dakika moja wangeweza kuchagua dakika mbili na kupata karibu miaka 64 kwa biti zilezile, kwa gharama ya kutenganisha kwa shida zaidi manunuzi yanayofuatana. Hoja hiyo inastahili kujadiliwa kuliko inavyojadiliwa.

Suluhisho lililotumika ni kuhamisha mwanzo wa hesabu hadi 1 Januari 2014. Hata hivyo, kuhamisha tarehe peke yake kusingetosha. Mnamo 24 Novemba 2024, hesabu mpya ilikuwa takriban 5,731,000, ilhali kumbukumbu ya mita ilikuwa na namba zinazokaribia milioni 16.8. Ilibidi kumbukumbu ifutwe na ufunguo wa siri wa mita ubadilishwe, ili tokeni za zamani zisipate uhai tena. Ufunguo mpya wa biti 64 hauenei katika tokeni moja, kwa hiyo kwa mita nyingi uligawanywa katika tokeni mbili, zikifuatwa na tokeni ya umeme wenyewe. Ndiyo maana mteja alisimama mbele ya mita akibonyeza tarakimu 60.

Kwa hesabu ileile, biti 24 zilizoanzia 2014 zitajaa usiku wa 24 Novemba 2045.